Vigae vya Lami au Bati: Mambo ya Kupima Kabla ya Kupaua

Katika kata za Halmashauri, nyumba nyingi husimama muda mrefu zikiwa zimefika kwenye linta. Kuta zimekamilika, madirisha yamepimwa, lakini fedha ya paa haijatimia, na masika mawili au matatu hupita maji yakinyeshea tofali. Kwa hiyo siku ambayo familia inapata fedha ya kupaua ni siku kubwa, na pia ni siku ya hatari, kwa sababu akiba ya miaka hutoka mkononi kwa asubuhi moja, mbele ya kaunta ya duka.

Zamani chaguo lilikuwa jepesi. Palikuwa na makuti, palikuwa na bati, na wachache waliweza vigae vya udongo au vya saruji. Siku hizi mteja huonyeshwa pia vigae vya lami: vipande vyembamba, vyenye kunyumbulika, vilivyonyunyiziwa chenga za mawe za rangi ya kahawia, kijani au kijivu. Paa lililofunikwa kwa vigae hivyo hupendeza, na wakazi wanaouliza habari zake katika ofisi za kata wanazidi kuongezeka. Swali lao huwa moja: je, vinafaa?

Jibu linategemea zaidi kitu kisichoonekana kutoka barabarani, yaani kile kilicho chini ya kigae.

Kigae cha lami ni nini

Kigae hiki kina tabaka tatu. Katikati pana mkeka mwembamba wa nyuzi za kioo unaokipa nguvu ya kutochanika. Mkeka huo hulowekwa lami iliyochanganywa na unga wa mawe, na hiyo ndiyo inayozuia maji. Juu kabisa hubandikwa chenga za mawe, ambazo kazi yake si urembo pekee: huikinga lami isichomwe na jua. Lami iliyo uchi mbele ya jua hukauka, hukakamaa na kupasuka, kama inavyoonekana kwenye barabara iliyozeeka.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1903, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mwezekaji aitwaye Henry Reynolds alianza kukata mikunjo ya karatasi ya lami kuwa vigae vidogo. Jambo la kuzingatia katika historia hiyo ni aina ya nyumba zilizokuwako huko. Zilikuwa za mbao, na mapaa yake yalikuwa yamekwisha kufunikwa kwa mbao zilizopangwa bega kwa bega kabla ya kitu kingine kuwekwa juu. Kigae cha lami kilikuta sakafu iko tayari. Kwa mwenye nyumba wa Michigan, sakafu hiyo haikuwa gharama ya kigae. Ilikuwa sehemu ya nyumba.

Nyumba za huku hazijengwi hivyo. Fundi huinua kenchi, hupigilia papi kwa nafasi, kisha bati hulala juu ya papi hizo na kujishikilia lenyewe kati ya papi na papi. Kigae cha lami hakiwezi kufanya hivyo. Ni laini, kikiachwa juu ya uwazi kitabonyea na kuchanika. Lazima kilale juu ya sakafu nzima ya plaiwudi au mbao, isiyo na pengo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa muundo wenyewe ndio unaokula fedha.

Hesabu ya paa moja

Ichukuliwe nyumba ya kawaida ya mita 10 kwa 12. Paa likitokeza sentimita 60 kila upande, eneo lake likitazamwa kutoka juu ni takriban mita za mraba 148. Likiinuliwa kwa mwinamo wa nyuzi 25, eneo halisi la kufunikwa hufika karibu mita za mraba 163.

Ubao mmoja wa plaiwudi wenye vipimo vya kawaida, mita 1.22 kwa 2.44, hufunika chini kidogo ya mita za mraba 3. Ukiongeza vipande vitakavyopotea katika kukata pembe, paa hilo linahitaji mbao za plaiwudi zipatazo 60. Hizo haziwezi kuwa plaiwudi za kutengenezea kabati. Zinatakiwa ziwe za gundi inayostahimili maji, zenye unene wa kama milimita 12, na zipangwe kwa kuachiana upenyo wa milimita 3 hivi, ili zikivimba kwa unyevu zisisukumane na kuinua vigae. Juu yake hutandazwa karatasi ya lami, na ndipo kigae cha kwanza kinapowekwa.

Kenchi nazo huguswa. Plaiwudi ya unene huo huhitaji kushikiliwa kila baada ya sentimita 60 au karibu na hapo, ilhali kenchi za paa la bati mara nyingi huachana zaidi. Mbao za mbili kwa nne zitaongezeka.

Uzito pia hubadilika. Vigae vya lami vya kawaida huwa na kilo 10 au zaidi kwa mita ya mraba, na plaiwudi ya milimita 12 huongeza kama kilo 7. Kwa paa la mfano huo, jumla ni karibu tani 2.8. Bati la unene wa milimita 0.3, pamoja na sehemu zinazolaliana, lina kilo 3 hivi kwa mita ya mraba. Paa zima haliwezi kufika nusu tani, ukiacha papi. Vigae vya udongo, kwa kulinganisha, hupita tani 6. Ndiyo kusema vigae vya lami si vizito vya kutisha, na anayeviuza akivisifia wepesi mbele ya vigae vya udongo anasema kweli. Lakini anayetaka kung'oa bati kuukuu na kuweka vigae vya lami juu ya kenchi zile zile anaongeza mzigo zaidi ya mara tano juu ya mbao ambazo hazikukusudiwa mzigo huo.

Mazungumzo dukani kwa kawaida huwa mafupi. Mama huingia, kijana humwamkia shikamoo, mama huitika marahaba na kuuliza bei ya kigae kwa mita. Kijana huitaja. Mama huilinganisha na bei ya bati aliyoipata duka la jirani, huona tofauti si kubwa, hutoa malipo ya awali. Hakuna aliyedanganya. Kijana aliulizwa kigae, akajibu kigae. Plaiwudi 60, karatasi ya lami, mbao za nyongeza na ujira wa fundi wa siku nyingi zaidi hujitokeza baadaye, wakati vigae vimekwisha kushushwa uani.

Yale ambayo vigae vya lami vinafanya vizuri

Haitakuwa haki kuvilaumu vigae hivi kwa kila jambo. Kwanza, ni vimya. Mtu yeyote aliyewahi kukaa chini ya bati lisilo na dari wakati wa mvua ya masika anajua kwamba mazungumzo hukoma mpaka mvua ikome. Darasani mwalimu huweka chaki chini na kungoja. Plaiwudi na lami humeza sauti hiyo karibu yote.

Pili, havishiki kutu. Kwa kata zilizo kando ya bahari jambo hili ni zito. Upepo wa chumvi hula bati jembamba mapema, kuanzia kwenye matundu ya misumari na kingo zilizokatwa, na wakazi wa huko wanajua jinsi bati jipya linavyoweza kugeuka jekundu kabla mtoto aliyezaliwa mwaka wa kupaua hajamaliza shule ya msingi. Msumari wa kigae cha lami, hata hivyo, ni wa chuma, nao uwe umepakwa zinki vizuri.

Tatu, hukatwa kwa kisu na kufuata umbo lolote. Paa lenye pembe nyingi, mabonde na vibaraza vya mviringo hupoteza bati kwa wingi katika kukata, wakati vigae vya lami hupoteza kidogo. Nne, kipande kimoja kikiharibiwa na tawi lililoanguka, hutolewa hicho peke yake. Na jua letu, ambalo ni adui wa lami, lina jambo moja jema: kila kigae kina mstari wa gundi chini yake unaoyeyuka kwa joto na kukishikamanisha na chenzake, na huku gundi hiyo haingoji majira.

Yale yanayopaswa kufikiriwa mara mbili

Maisha ya kigae cha lami hutajwa kuwa miaka 20, 25 au 30, kutegemea aina. Miaka hiyo si ahadi. Joto na mwanga mkali huondoa mafuta yaliyomo katika lami, na kigae cha nchi ya jua kali huzeeka upesi kuliko ndugu yake wa nchi ya baridi. Dalili yake ya kwanza haionekani juu ya paa bali chini, kwenye gata: chenga za mawe zinaanza kujikusanya kama mchanga mzito. Chenga chache katika mwaka wa kwanza ni zile zilizobaki kiwandani na hazina neno. Zikiwa nyingi miaka ya baadaye, kigae kinavua nguo yake.

Joto hilo hilo hudai matundu ya kupitisha hewa kati ya plaiwudi na dari, hewa baridi ikiingia chini ya pua ya paa na ya moto ikitokea karibu na kofia. Paa lililofungwa kote huchoma vigae kutoka pande mbili. Dhamana nyingi za watengenezaji hukataa madai pale paa lilipowekwa bila matundu hayo, au kinyume na maelekezo yao mengine, na mara nyingi hugharamia kigae chenyewe bila ujira wa kukiweka upya. Karatasi ya dhamana isomwe kabla ya kulipa, si siku ya kuvuja.

Kuvuja kwenyewe kuna hila. Bati likitoboka, mwanga huonekana na tone huanguka pale pale. Mtoto anaweza kuonyesha tundu kwa kidole. Chini ya kigae cha lami maji hutembea juu ya plaiwudi, huiozesha polepole, na hujitokeza darini mbali na mahali yalipoingilia. Mchwa nao hupenda mbao zenye unyevu. Anayechagua vigae hivi hana budi kupaka dawa mbao zote kabla hazijapanda, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayezifikia.

Kisha kuna fundi. Paa la mfano uliotajwa hupokea vigae zaidi ya 1,100, na kila kimoja hupigwa misumari isiyopungua minne: jumla zaidi ya misumari 4,000. Kila msumari uingie wima, kichwa chake kilale sawasawa na kigae. Ukizama, unakata mkeka. Ukisimama, unatoboa kigae cha juu. Ukipigwa juu ya mstari uliowekwa alama, upepo utakibeba kigae. Mafundi paua wa kata hizi ni hodari wa bati kwa sababu wameezeka mamia ya mapaa ya bati. Wenye uzoefu wa vigae vya lami ni wachache, na njia bora ya kuwapima ni kuomba kuona paa waliloliweka ambalo limekwisha kupita masika mawili.

Mwinamo nao una sheria yake. Paa linalopanda chini ya sentimita 17 kwa kila mita moja ya ulalo halifai kabisa kwa vigae vya lami, na kati ya sentimita 17 na 33 hutakiwa tabaka mbili za karatasi ya lami chini yake. Onyo hili linawahusu hasa wanaojenga nyumba za paa la kuficha, lililozungushiwa ukuta, ambalo huwa karibu bapa. Hapo hata fundi bingwa hawezi kuzuia maji yasirudi nyuma chini ya kigae.

Maji ya mvua

Katika kata ambazo bomba hutoa maji kwa zamu, au halijafika, paa ni chanzo cha maji kabla ya kuwa pambo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mfano, yenye mita za mraba 148 zikitazamwa kutoka juu, ikipata mvua ya milimita 10 jioni moja na ikipoteza sehemu ya tano kwa mruko na mvuke, hukusanya takriban lita 1,180. Hizo ni ndoo 59 za lita 20, bila mtu kwenda kisimani. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo hilo hutoa lita zaidi ya 118,000, iwapo tangi lipo la kuzipokea.

Bati safi huyatiririsha maji hayo upesi, na jua hulikausha na kulichoma. Uso wa kigae cha lami una mikwaruzo: hushika vumbi, kinyesi cha ndege na majani, hukauka polepole, na hunywa sehemu ya manyunyu madogo. Maji yake hubeba chenga na mabaki ya lami, hasa vigae vikiwa vipya. Kwa kumwagilia bustani, kufulia na kusafishia choo hayana shida. Kwa kunywa hayapendekezwi. Ni kweli kwamba maji ya paa lolote, hata la bati, yanatakiwa kumwagwa yale ya mwanzo wa mvua na kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa. Lakini kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi mabaki ya lami. Kwa familia inayotegemea tangi la uani kwa maji ya kunywa, hoja hii moja inatosha kufunga mjadala.

Nani achague nini

Kwa wakazi walio wengi, bati bado ndilo chaguo la busara, mradi linunuliwe kwa macho. Namba ya geji inapopanda, unene hushuka, na kuna wanunuzi wanaodhani geji 32 ni nene kuliko 28. Ni salama zaidi kuuliza unene kwa milimita, kuutaka uandikwe kwenye risiti, na kutazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Kelele na joto la bati hupunguzwa kwa dari na rangi nyeupe au nyepesi, na gharama ya dari haifiki ya sakafu nzima ya plaiwudi. Karibu na bahari, bati la alumini hustahimili chumvi kuliko la chuma, japo bei yake iko juu.

Anayependa sura ya vigae lakini hana fedha ya sakafu ya plaiwudi anaweza kutazama bati la chuma lililofinyangwa mfano wa vigae na kupakwa chenga za mawe. Hilo hukaa juu ya papi za kawaida. Kwa mbali hufanana sana na vigae vya lami, kiasi kwamba baadhi ya wateja wameagiza kimoja wakidhani ni kingine. Jaribio lake ni jepesi: bandika sumaku upande wa chini, au jaribu kukikunja kipande kwa mikono miwili. Kinachokunjika kama kapeti na kuikataa sumaku ni lami.

Vigae vya lami vinabaki na mahali pake: nyumba yenye paa la mwinamo mkali na pembe nyingi, iliyo jirani na bahari, yenye maji ya bomba ya kuaminika, na ambayo mwenyewe amepanga bajeti ya plaiwudi tangu kwenye mchoro. Mtu wa namna hiyo hatajuta. Anunue na furushi moja au mawili ya akiba kutoka shehena ile ile, ayahifadhi kivulini yakiwa yamelazwa, kwa sababu rangi ya shehena ya miaka kumi ijayo haitalingana. Mabaki yasichomwe uani, kwani moshi wa lami hudhuru mapafu. Bati kuukuu, kwa upande wake, huishia kwenye banda la kuku au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na bado lina thamani.

Yeyote anayekusudia kubadilisha aina ya paa, kutoka bati kwenda vigae vya namna yoyote, anashauriwa kupeleka mchoro wa kenchi kwa Mhandisi wa Halmashauri, akipitia kwa Afisa Mtendaji wa Kata, kabla ya kuagiza mbao. Mchoro uoneshe urefu wa kenchi, nafasi kati ya kenchi na kenchi, vipimo vya mbao na mwinamo wa paa. Asiye na mchoro aanze na utepe wa kupimia na karatasi ya daftari. Vipimo hivyo vinne ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.